Mjadala: Ukitunga dini ya gemu, uchukue miungu ya watu au uanze na sadaka?

Dadu Tupu (mleta mada)

Wakuu salama? Kuna ubishi umetugawa kwenye kundi letu la gemu za mezani, zile za kuigiza wahusika na kurusha dadu, nikaona niulete hapa tuumalize au tuuharibu zaidi. Unapotunga ulimwengu wa kufikirika wenye mahekalu na makuhani, ni sawa kuchukua dini ambayo watu bado wanaifuata, ukabadilisha jina moja mawili halafu ukaiita yako? Jamaa mmoja alileta rasimu ina maji ya mganga, ukinyunyiziwa risasi hazikupati, unaongezewa pointi mbili za kinga. Kila mtu mezani alijua kayatoa wapi, Ngarambe kwa Kinjikitile, vita vya Maji Maji, 1905. Wengine wakashangilia, wengine wakanuna.

Msimamo wangu ni huu, chukua jinsi dini inavyofanya kazi ila miungu na ibada zake ziache kwa wenyewe. Na ukikaa kutunga usianze na mungu, anza na nani anamlisha kuhani.

Nasema hivyo sababu ugonjwa huu ni wa tangu mwanzo. Dungeons & Dragons (D&D), gemu ya aina hii hii, ilipotoka 1974, watunzi wake Gary Gygax na Dave Arneson waliweka aina tatu tu za wahusika, mpiganaji, mchawi na kuhani. Kuhani yule alikuwa mseto wa ajabu, kachanganya askofu wa vita wa zama za kati na mwindaji wa vampaya wa kwenye sinema, na akakatazwa silaha zenye makali, kwa hiyo anatembea na rungu. Askofu Odo wa Bayeux anaonekana na rungu kwenye kile kitambaa cha vita vya Hastings vya 1066, ndo maana hutajwa sana kwenye stori hii. Sasa huyo kuhani wa gemu alikuwa anatibu na kufukuza maiti wanaotembea, basi. Haziki mtu, haozeshi, hana bosi, hana waumini wanaomsema vibaya. Ni daktari wa jeshi kavaa kanzu.

Halafu 1980 wakatoa kitabu cha miungu, Indra, Kali na Vishnu wakapewa pointi za uhai kama majoka, yaani ukiwa na upanga mzuri na dadu zikikupenda unaweza kumuua mungu ambaye jirani yako kamwashia taa asubuhi ileile. Yesu hakuwekewa pointi. Mungu wa kanisa la mtaani kwao hakuguswa. Hapo ndo ujue walijua kabisa kipi kitaumiza na kitamuumiza nani.

Haya, karibuni.

Mwana wa Bandarini

Mkuu umeanza vizuri ila umelegea mwishoni. Mimi nasema dini iliyo hai isiguswe kabisa, si miungu wala hiyo "jinsi inavyofanya kazi". Mnakumbuka gemu ya video ya Zelda ile ya 1998, kwenye hekalu la moto kulikuwa na sauti za dua za Kiislamu nyuma ya muziki, Nintendo wakaja kuziondoa kwenye matoleo ya baadaye. 2008 tena, Sony wakairudisha gemu yao ya LittleBigPlanet kabla haijauzwa sababu kuna wimbo una maneno ya Qur'ani. Kampuni kubwa zenye wanasheria zinateleza, wewe na daftari lako utaweza? Tunga jipya toka sifuri, akili si unayo.

Dadu Tupu

Ndugu yangu, huo mfano wa pili unakugeukia. Wimbo ule ni wa Toumani Diabaté wa Mali, Muislamu mwenyewe, na alijitetea kwamba kwao kuimba hivyo ni kawaida na ndiyo njia yake ya kuwavuta watu kwenye dini. Kosa la Sony lilikuwa kuutoa kwa wanaousikia kwa heshima na kuuweka kwenye gemu ya kidoli anayerukaruka. Na "toka sifuri" haipo bana. Ukishaandika neno kuhani tayari kichwa cha mchezaji kimejaa padri, shehe na mganga wa kijijini kwao.

Bi Kilifi

Naomba niingie, maana mnajadili kana kwamba vitu hivi havina wenyewe. Kwetu kuna vigango, zile nguzo za kuchonga za kuwakumbuka wazee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama. Viliibwa makaburini vikauzwa Marekani kama mapambo ya sebuleni, vingine vikaishia makumbusho, na ya Denver ikaja kurudisha 30. Aliyevinunua alivutiwa tu na umbo, hakujua familia iliyonyang'anywa inaamini marehemu amekasirika na mabalaa yataifuata. Sasa mtu akinichorea kigango kwenye gemu eti "nguzo ya roho, ukiivunja unapata hazina", naona mwizi yuleyule amerudi.

Lakini sikubaliani na Mwana wa Bandarini pia. Kijana wa Kigiriama akitaka kutunga gemu yenye kaya, ile misitu yetu mitakatifu, na wazee wake, nani amkataze? Muhimu ni nani anatunga na anarudi kumjibu nani.

Msimamizi wa Meza

Mimi naongoza gemu kila wikiendi na niwaambie ukweli mchungu, wachezaji wetu hawajali. Wanataka kutibiwa wakaendelee kupigana. Unawaandikia kurasa ishirini za maandiko matakatifu wao wanauliza hekalu linauza dawa bei gani.

Ila hapo kwenye nani anamlisha kuhani, hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Gemu ya RuneQuest ya 1978, yenye ulimwengu wa Greg Stafford, ilishaliona hilo mapema. Ukijiunga na mungu unatoa fungu la kumi la kipato na muda wako, ukipanda kuwa kuhani unatoa asilimia 90. Tisini! Mchezaji anakaa anapiga hesabu, niwe kuhani niache kuzurura, au nibaki muumini wa kawaida niwe huru? Hajahubiriwa, lakini anaijua ile dini kuliko aliyesoma kurasa zangu ishirini. Eberron nayo, ulimwengu mwingine wa D&D, 2004 ikaja na lake, miungu haionekani, hakuna uhakika kama ipo, na kuhani mla rushwa miujiza yake inafanya kazi vilevile. Wachezaji wangu walibishana juu ya hilo mpaka usiku, dadu hazikurushwa.

Mwana wa Bandarini

Kuhani mla rushwa mwenye miujiza, na nyie mnaona sawa. Ndo maana 1983 kule Marekani mama mmoja, Patricia Pulling, alianzisha chama kabisa cha kuipinga D&D, na wenye gemu wakaogopa mpaka toleo la 1989 likaondoa mashetani kwa majina yao.

Dadu Tupu

Mama yule alikuwa amefiwa na mtoto kwa kujiua, tusimcheke, ila gemu haikuthibitika kuwa sababu. Na mashetani walirudi baadaye, watu walikuwa wanajua ni walewale.

Bi Kilifi dada yangu, hoja yako ya kurudi kujibu imenikaa, ile rasimu ya maji tunaitoa. Badala yake nimeandika hii, mniambie inavuja wapi. Mji wa bandari, makuhani wanaitwa Wapima, kazi yao kutabiri kupwa na kujaa na kuzika waliokufa maji. Kila jahazi likitia nanga linawapa gunia moja, hawalimi. Mungu wao sijampa jina na sitampa. Ugomvi wao ni mmoja, aliyezama maiti isionekane, afanyiwe matanga au asubiriwe? Mpaka matanga yafanyike mjane haolewi na mali hairithiwi, kwa hiyo kuna Wapima wanapokea pesa kuharakisha na wengine wanapokea pesa kuchelewesha. Mchezaji anayecheza Mpima anaanza gemu na mjane mlangoni na shemeji wa mjane dirishani.

Kitu kimoja bado kinanisumbua: yule aliyefanyiwa matanga halafu akarudi mzima na jahazi jingine, Wapima wamfanyeje?

Msimamizi wa Meza

Wamtoze gunia la pili kwanza.

Bi Kilifi

Wasimtambue. Wakimtambua, ndoa zote walizofungua zinayumba na warithi watataka kesi upya. Huyo ndo mpe mchezaji amcheze.