Koki ya bafuni inapiga shoti, nyumba ni ya zamani: nianzie wapi?

BintiWaSection58

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri wa mtu anayeijua kazi ya stima kwa mikono yake.

Mama anaishi hapa Nakuru, Section 58, kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya uhuru. Kuta ni za mawe, dari ni ya mbao, na kwenye korido kuna ubao wenye fyuzi za kauri, zile za kuchomoa. Soketi mbili za sebuleni bado ni zile kubwa za matundu ya duara. Miaka yote hiyo stima haikutusumbua. Mwaka jana tulitoa mabomba ya maji yaliyoota kutu tukaweka ya plastiki, isipokuwa kipande cha chuma kinachopanda ukutani kwenda kwenye shawa. Baadaye mama akawekewa shawa ya umeme, maana baridi ya asubuhi inamuumiza magoti.

Sasa ukishika koki shawa ikiwa inawaka, mkono unasisimka. Mama anasema ni kidogo tu, anavaa ndara. Fyuzi nayo ilikuwa inaungua, fundi akaifunga waya mnene zaidi na haijaungua tena. Anataka aondoe ubao aweke breka za kisasa, anasema mambo yataisha. Kweli yataisha? Ama nyumba yote ifumuliwe? Pesa si nyingi.

FundiKondele

Dada, kabla ya yote: shawa hiyo isitumike tena. Zima swichi kuu, chomoa fyuzi ya shawa, kaa nayo wewe. Mama achemshiwe maji. Ndara zikilowa hazimkingi mtu.

Mimi ni fundi wa stima hapa Kisumu na nyumba za umri huo nimezifungua nyingi, Milimani na zile za reli. Hilo la mabomba ndilo lililonishtua. Zamani waya wa ethi, ule wa kijani, mara nyingi ulifungwa kwa kibano kwenye bomba la maji la chuma, na bomba ndilo lililopeleka stima ardhini. Fundi wa maji akija na plastiki anaikata njia hiyo bila kujua, na taa zinaendelea kuwaka vizuri tu. Hakuna anayejua ethi imeondoka mpaka kitu kivuje. Tafuta karibu na mita au pale maji yanapoingilia nyumbani. Huenda ukaona kibano kinaning'inia, au waya wa kijani uliokatwa.

Shawa hizi nyingi zina koili iliyo uchi ndani ya maji. Zimetengenezwa zikitegemea ethi. Isipokuwepo, stima inayovuja kwenye maji inatafuta njia nyingine, na mkono wa mama kwenye koki ni njia.

Kuhusu fyuzi. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23 muda wote inapowaka. Fyuzi ilikuwa inaungua kwa sababu waya wa ukutani ulikuwa umebebeshwa mzigo usio wake. Ukiweka waya mnene kwenye fyuzi, kinachoungua sasa ni waya ulio ndani ya ukuta na juu ya dari ya mbao. Breka kubwa ni kosa lile lile katika kisanduku kipya. Breka inalinda waya. Mtu anahitaji RCD ya miliampea 30, inayokata pale stima inayotoka isiporudi yote. Usikubali ubao mpya usio nayo.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu hulikosea. Ukibonyeza kitufe cha kujaribu RCD ikakata, umejua RCD ni nzima. Hujajua chochote kuhusu ethi, kwa maana kitufe kinafanya kazi hata kama ethi haipo. Na rodi ya ethi, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini, peke yake haitoshi. Udongo wenu wa Nakuru ni wa majivu ya volkano, kiangazi unakauka sana. Hata rodi ikisoma omu 20 (omu ni kipimo cha ukinzani wa njia ya stima), na huo ni usomaji mzuri, 240 ukigawa kwa 20 ni ampea 12. Fyuzi ya 30 haitaungua kamwe kwa ampea 12, na bomba litabaki na stima. Kwa hiyo ni rodi pamoja na RCD.

Sasa waya zenyewe. Swichi kuu ikiwa imezimwa na imepimwa, fundi afungue swichi moja ya taa aangalie ndani. Ukiona ganda jeusi la mpira lililofunikwa kitambaa, na nyuzi nyeupe zinazong'aa, hizo si aluminiamu. Ni shaba iliyopakwa bati ili salfa ya mpira isiile. Mpira wa umri huo ukikunjwa unapukutika kama makombo ya mkate, na waya unabaki uchi. Ndiyo maana mtu akihamisha taa moja tu, anaamsha shoti ambayo haikuwepo. Nyumba ya namna hiyo inatakiwa kuvutwa waya upya, hakuna njia ya mkato. Ukiona plastiki, mna nafuu.

Kwa pesa kidogo ningefuata hivi: rodi na ubao wenye RCD kwanza. Kisha shawa ipate waya wake yenyewe kutoka kwenye ubao, milimita 4 za mraba au 6 kulingana na umbali, na swichi yake inayokata nyaya zote mbili iwe nje ya bafu. Vyumba vingine vuta upya kimoja kimoja, ukianza na jikoni.

MwalimuKakamega

Fundi amesema vyema. Niongeze la radi, kwa sisi wa Magharibi. Mkifungua ubao, wekeni pia kizuia mawimbi ya radi, na hicho nacho hakina kazi bila ethi nzuri. Mvua ikianza kunguruma chomoeni televisheni, kuzima pekee hakutoshi.

Na dada, muulize fundi leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mwenye nayo haoni vibaya kuitoa mfukoni.

BintiWaSection58

Asanteni sana. Fyuzi nimeitoa, mama amenuna lakini anachemshiwa maji. Kibano nimekiona nyuma ya tangi, waya wa kijani umekunjwa tu pembeni, haujafungwa popote. Kwenye swichi ya korido tumekuta kitambaa na nyuzi nyeupe.

Huyu fundi anasema kuna jirani aliwekewa RCD ikawa inakata kila mara mpaka wakaiondoa. Kwetu si itakuwa hivyo hivyo?

FundiKondele

Inaweza kukata, dada, na ikikata inakuonyesha kuna waya unavuja. Anayeiondoa ameacha uvujaji pale pale. Dawa ni kupima kabla ya kununua chochote: fundi aje na mega, kile kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha stima, volti 500, apime kila laini peke yake baada ya kuchomoa vyombo vyote na kutoa balbu. Laini inayosoma chini ya megaomu 1 usiirudishie stima, ivutwe upya. Inayosoma vizuri inaweza kusubiri, lakini kwa mpira wa zamani isisubiri miaka, na asiikunje wakati wa kupima.

Mwambie pia asiguse sili ya mita wala kitu kilicho kabla ya swichi yenu kuu. Hapo ni kwa Kenya Power, waitwe wao wakate.

Niandikie hapa laini ya jikoni imesoma ngapi. Fundi akisema hana mega, tafuta mwingine.