Mbwa wangu anahamia Ujerumani Januari: nianze na karatasi gani?

Mama Njugu, Umoja
Hamjambo. Nimepata kazi ya uuguzi Hannover, naripoti katikati ya Januari. Siendi bila Njugu. Ni mbwa wa kienyeji, wa kahawia, nilimwokota akiwa na vidonda mwili mzima kando ya soko la Mutindwa. Mama yuko Kakamega na afya yake haimruhusu kunitunzia.

Alichanjwa bure hapa mtaani Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba mwaka jana. Kadi ina jina lake, rangi na mhuri, basi. Chipu ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi, hana. Wakala mmoja mjini ananiambia karatasi zote hutengenezwa wiki ya safari. Tuko Agosti. Nimsikilize?

Shiru wa kliniki, Lang'ata
Dada, usimsikilize hata kidogo. Karatasi hizi ndizo kazi yangu kila siku, na huniuma sana kuona familia imeshalipa nauli halafu inaambiwa mbwa abaki.

Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazipunguzia masharti ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo Njugu atahitaji kupimwa damu, na hapo ndipo miezi inapokwenda.

Anza na chipu, wiki hii ukiweza. Iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO, yenye namba ya tarakimu 15. Chanjo ya mwaka jana ilimkinga yeye na wewe pia, lakini kwa safari haihesabiki, kwa sababu alichanjwa kabla ya kuwekwa chipu: hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa wa kwenye kadi ndiye huyu. Mwambie daktari aisome chipu kwa mashine kwanza, aandike namba, ndipo achanje. Inaweza kuwa siku hiyo hiyo.

Halafu subiri siku 30, atolewe damu. Damu ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kingamwili (kinga ya mwili dhidi ya kichaa cha mbwa) zisipungue uniti za kimataifa 0.5 kwa mililita. Uliza ni maabara gani kabla hajatolewa damu. Kuanzia siku ya kutolewa damu (si siku ya majibu!) inahesabiwa miezi mitatu kabla ya kuingia Ulaya. Akichanjwa tarehe 1 Septemba, damu ni mwanzoni mwa Oktoba, na kusafiri ni mwanzoni mwa Januari. Unaona jinsi nafasi ilivyo finyu.

Majibu hayo yatunze vizuri. Chanjo za marudio zisipochelewa, hatapimwa tena.

Cheti cha afya ndicho cha mwisho, na nadhani ndicho wakala wako anachokijua. Kinahitaji sahihi na mhuri wa daktari wa serikali. Kwetu ni Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete. Kikishatolewa una siku 10 za kufika Ulaya, kwa hiyo hicho kweli ni cha dakika za mwisho. Linganisha namba ya chipu kwenye kila karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Otis_SouthB
Niongeze moja. Cheti kinaandikwa kwa Kiingereza pamoja na lugha ya nchi ya Ulaya unayoingilia kwanza. Ukitua Frankfurt, Kijerumani. Ukipitia Amsterdam, Kiholanzi, hata kama safari yako inaishia Hannover. Mimi nilipitia huko na paka wangu, ndiyo maana nakwambia uamue njia kabla ya kwenda Kabete. Na kizimba cha kusafiria kinunue mapema, alale humo nyumbani mlango ukiwa wazi. Mbwa aliyekizoea huwa na hofu kidogo zaidi hewani.

Mama Njugu, Umoja
Mungu awabariki. Kesho asubuhi naenda kuwekesha chipu. Swali la mwisho: majibu yakichelewa, dada yangu anaweza kumleta Februari?

Shiru wa kliniki, Lang'ata
Kama mnyama wa nyumbani, hapana. Mtu uliyempa idhini ya maandishi anaweza kusafiri naye, lakini isizidi siku tano kabla au baada ya safari yako mwenyewe. Zaidi ya hapo anahesabiwa kama mnyama wa biashara, na masharti yake ni mengine, mazito zaidi. Ni afadhali umwombe mwajiri akusogezee tarehe ya kuripoti. Mwandikie sasa, usingoje Desemba.