Ameshika tai yangu kwa vidole vya sambusa mbele ya wageni! NIMECHOKA NAYE!

Wakuu, sina hata nguvu ya kusalimia vizuri. Nipo kwenye daladala narudi Mbagala, nimesimama, kwapa la mtu liko usoni, na bado hilo si jambo baya kuliko yote yaliyonipata leo.

Mnamjua. Sitamtaja na hakuna haja. Yule anayekohoa mara tatu kabla ya kufungua mlango. Yule mwenye kalamu nne mfukoni na zote hazina wino. Kila ofisi ya mitaa ya Posta inaye wa aina yake, ila wa kwetu ndiye baba yao.

Leo tulikuwa na kikao cha bajeti. Wageni sita kutoka Dodoma. Mwasilishaji mimi. Wiki nzima nimelala saa nane za usiku kwa ajili ya yale majedwali. Nikavaa suti yangu, koti na suruali rangi ya mkaa, shati jeupe, tai ya buluu iliyoiva yenye nukta nyeupe. Suti hiyo nimeidunduliza miezi minne. Fundi kaikata mabega yamekaa, suruali ina mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate.

Nimesimama mbele, projekta inawaka, ndiyo kwanza nafungua mdomo. Akainuka. Sambusa yake bado anaitafuna. Akaja mpaka nilipo, akaishika tai yangu kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akaiinua, akaigeuza nyuma kutazama lebo, kisha kwa sauti ya kusikika mpaka Kigamboni akasema: "Bwana, shemeji hajambo nyumbani?"

SHEMEJI HAJAMBO! Naulizwa mimi, mwanamke! Mbele ya wageni wa Dodoma!

Wakacheka. Yule kijana wa kompyuta, ambaye mwezi uliopita nilimpigania likizo yake ilipokataliwa, alicheka mpaka akashikilia meza. Mgeni mmoja akainamisha uso kwenye karatasi, mabega yanamtikisika. Na mimi nikasimama pale na rimoti ya projekta mkononi, nikasema "tuendelee". Tuendelee! Majibu mia yamenijia nilipofika kituoni.

Suti inanifunika kuanzia shingo mpaka kifundo cha mguu. Sketi ikiwa fupi kelele, suruali ikiwa ndefu kelele. Wanataka tuje kazini tumevaa nini, hema?

Na tai sasa ina alama mbili za mafuta, moja mbele ya kidole cha shahada, moja nyuma ya dole gumba. Nimezitazama njia nzima. Vidole vya sambusa, jamani! Shemeji hajambo!

Kahawa Chungu: Nimewahi siti ya mbele. Nani ana karanga?

Ndizi Mzuzu: Pole dada. Ila mtoa mada, tai na joto hili la Dar umeitoa wapi? Mimi mwanaume na yangu huwa naivaa mlangoni kwa bosi, naivua kwenye ngazi.

Mtoa mada: Kwa hiyo joto ndilo lililompa ruhusa ya kunishika shingoni? Kwako wewe angethubutu kuishika?

Ndizi Mzuzu: Angethubutu. Yule anashika vya watu wote. Mwaka jana alionja chai yangu ili ajue kama ina tangawizi.

Binti Kilosa: Mimi nakuunga mkono kwa asilimia zote. Mnakumbuka Bungeni Juni 2021? Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, mbunge mwenzake mwanaume alisimama kulalamikia suruali yake, Spika Ndugai akamtoa nje akabadilishe. Mheshimiwa mzima, kachaguliwa na wananchi, anarudishwa nyumbani kama mwanafunzi aliyesahau soksi. Kama yeye hakupona, sisi wa ghorofa ya tatu tutaponea wapi?

Jembe Butu: Ile ilikuwa inabana.

Binti Kilosa: Uliipima wewe? Spika alikuomba ushauri?

Jembe Butu: Nimesema tu.

Mwana wa Kyela: Ninyi mnalia na sambusa. Mama yangu alikuwa anauza mchele ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, enzi za Rais Banda. Kule tangu 1973 kulikuwa na sheria kabisa, mwanamke kuvaa suruali ni kosa. Alikuwa anafika mpakani na kitenge begani, anakifunga juu ya suruali, anavuka, akirudi Tanzania anakifungua. Walikuja kuifuta miaka ya tisini mfumo wa vyama vingi ulipoingia. Mpaka leo mama akisikia neno Kasumulu, pale mpakani, mkono unakwenda kiunoni.

Babu Mstaafu: Wajukuu, msiwacheke Wamalawi. Hapa hapa Dar, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, marufuku. Hata haijaanza, vijana wakawa wanawavamia dada zetu, wanawashusha kwenye mabasi. Na sisi wanaume suruali za kubana zilituponza. Nilikuwa na yangu moja ya kahawia, nzuri sana. Nikampa fundi aongeze kitambaa pembeni, akaongeza cha kijani.

Kahawa Chungu: Babu, cha kijani?

Babu Mstaafu: Cha kijani, mjukuu wangu. Na pesa alichukua.

Msomaji wa Ukuta: Paris ilikuwa na amri ya mwaka 1800, mwanamke akitaka kuvaa kiume aombe kibali polisi. Serikali ya Ufaransa imekuja kutamka rasmi kwamba amri hiyo haina nguvu tena mwaka 2013. Miaka 213!

Ndizi Mzuzu: Mkuu, Paris inaingiaje kwenye sambusa?

Mtoa mada: HAKUNA ANAYENISIKILIZA. Sijaja hapa kuulizia Paris. Nasema ALINISHIKA TAI. Akageuza na lebo aone imetoka duka gani! Mbele ya wageni sita! Na ninyi mnauliza joto, mnauliza kama inabana! Baada ya kikao mgeni mmoja akaja kunipa mkono, nikajua atasema kitu kuhusu majedwali. Akasema "umependeza, bwana mdogo". Bwana mdogo! Amejifunza kwake ndani ya saa moja!

Bibi Hesabu: Mdogo wangu, pole sana, nimekuelewa. Ila wa kwenu afadhali, ni mwanaume. Wa kwetu ni mwanamke mwenzetu. Ameushika ule waraka wa mavazi ya watumishi wa 2007 kama rula. Anasimama kwenye lifti kila asubuhi anatukagua kuanzia chini kwenda juu. Wiki iliyopita amenirudisha kwa sababu koti langu lina vifungo "upande wa wanaume". Nimerudi Kimara kwa sababu ya vifungo!

Binti Kilosa: Upande wa wanaume ni upi jamani? Nimeangalia la kwangu sasa hivi, nimechanganyikiwa.

Bibi Hesabu: Kulia. Nami sikuwa najua mpaka siku hiyo.

Mama Kiwanja: Mnaongea hivyo kwa kuwa hamjavishwa kanga ya getini. Nilikwenda ofisi moja kufuatilia hati ya kiwanja, suruali ya kitambaa, koti refu limefika magotini. Mlinzi akanipa kanga nijifunge. Ile kanga imevaliwa na nusu ya mkoa na haijaonja maji tangu uhuru. Imeandikwa "Karibu mgeni", nusu ya maandishi imefutika. Nikaingia kwa afisa ardhi nimejifunga kama ninayeelekea kupika ubwabwa wa msibani. Na faili langu halikuonekana.

Jembe Butu: Hati ulipata lakini?

Mama Kiwanja: Mwaka wa tatu huu, kaka. Kanga nimevishwa mara tano.

Ndizi Mzuzu: Hapo umegusa. Kuna mtu humu amewahi kupata hati bila kuambiwa faili liko kwa bosi?

Kahawa Chungu: Fungueni uzi wenu wa viwanja. Mtoa mada, ile alama ya mafuta usiisugue kwa maji. Nyunyiza poda ya mtoto, iache usiku kucha, asubuhi ipanguse kwa brashi.

Bibi Hesabu: Poda itaacha weupe kwenye buluu. Sabuni ya vyombo, tone moja, kwa kidole.

Mtoa mada: Kwa kidole tena! Hiyo tai haitaguswa na kidole cha mtu yeyote. Jumatatu naivaa vile vile na alama zake. Akinikaribia tena nitamuuliza yeye shemeji hajambo, na nitamuuliza mbele ya bosi.

Mwana wa Kyela: Dada, ukiacha hayo, fundi aliyekukatia mabega yakakaa yuko wapi? Wa kwangu kanishonea koti, mkono mmoja unafika kwenye saa, mwingine unafunika simu.

Binti Kilosa: Nami namtaka. Wa kwangu aliniambia nifuate suti Ijumaa, harusi ilikuwa Jumamosi. Mtoto wa hiyo harusi yuko darasa la kwanza sasa hivi.

Babu Mstaafu: Huyo fundi wako ana miwani iliyofungwa kwa uzi, yuko nyuma ya soko?

Binti Kilosa: Ndiye huyo huyo! Babu unamjua?

Babu Mstaafu: Ana kitambaa changu tangu Pasaka.