Roboti linalogeuka dinosaria kwa mtoto wa miaka 7: la betri, la kugeuza kwa mkono, au yale mayai?

BabaIpagala
Mbukwenyi wakuu, naomba tusaidiane. Kijana wangu anatimiza miaka 7 mwezi huu na nilimuahidi akifanya vizuri mitihani namnunulia roboti linalogeuka dinosaria, na kafanya vizuri kweli, sasa deni liko kwangu. Alimuona Grimlock, yule roboti wa katuni za Transformers anayegeuka T-Rex (dinosaria wa miguu miwili na mikono mifupi), kwenye simu ya mjomba wake basi asubuhi Grimlock jioni Grimlock, anatembea sebuleni kakunja mikono kifuani kama T-Rex mwenyewe.

Mwaka jana nilimchukulia moja sokoni, siku ya pili tu mguu ukakatika. Niliangalia pale palipokatika nikaona plastiki imepiga weupe kuzunguka kile kipini cha chuma, yaani ilikuwa inapasuka taratibu muda wote na sisi hatujui. Mtoto alilala na ule mguu mkononi, mpaka leo ninao kwenye droo. Sitaki yajirudie.

Nimezunguka Majengo na Sabasaba hapa Dodoma, nimepiga simu na Kariakoo, Dar, haya ndo niliyopata. Lipo kubwa la betri, urefu kama rula ya shule, taa machoni, linanguruma na ukibonyeza linajigeuza lenyewe, 35,000. Lipo la kugeuza kwa mkono, halina betri wala jina la kampuni, 28,000. Yapo mayai, ukiyafungua yanakuwa dinosaria, 5,000 moja. Na orijino la Hasbro, kampuni yenyewe ya Transformers, mtu ananiambia mpaka linifikie ni kama 130,000 na kusubiri juu. Nyie mngechukua lipi?

FundiMajengo
Mkuu mimi natengeneza redio na simu ila matoi nayo yanaletwa sana hapa kwangu, hasa baada ya Idi na Krismasi. Hayo yanayojigeuza ndo wagonjwa wangu wakubwa na ugonjwa ni ule ule. Ndani kuna mota ndogo na gia za plastiki, meno yake membamba kama ya kitana, sasa mtoto hasubiri, roboti likiwa katikati ya kujigeuza analishika anamalizia kwa mkono, gia moja inalika meno na kuanzia hapo unasikia trrrrr tu na halisogei. Gia za saizi ile sina pa kuzipata, namrudishia mzazi hivyo hivyo na roho inaniuma.

La mkono ni zuri ila angalia viungo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kuna kiungo cha kipini, chuma kinapenya plastiki kutoka upande huu mpaka ule. Na kuna kiungo cha kichwa cha mviringo kinachokaa kwenye kikombe, kama nyonga ya mtu. Hiki cha kikombe mtoto akivuta kwa nguvu kinachomoka, unakibana kwa kidole gumba unasikia tak kimerudi. Cha kipini hakina pa kuchomokea, akivuta kwa nguvu kinachoachia ni plastiki, ndo kilichokukuta wewe mwaka jana. Sasa ukifika dukani omba uligeuze mwenyewe pale pale mwanzo mpaka mwisho, taratibu, huku umelielekeza kwenye mwanga. Ukiona weupe kwenye pembe za kiungo chochote rudisha. Na ligeuze mgongo uone kama limefungwa kwa skrubu za nyota. La skrubu naweza kulifungua, lililogundishwa ni mpaka nilipasue.

MamaPacha_Kisasa
Baba Ipagala hongera kwa kijana. Nakuuliza kitu kimoja, nyumbani kuna mtoto mdogo zaidi? Mimi ni nesi na kwenye hili la betri naomba mnisikilize. Hayo yenye taa mengi yanatumia zile betri za kidonge, kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza ikakwama kooni haihitaji kuvuja ndo imdhuru, umeme wake wenyewe ukikutana na mate unatengeneza kemikali inayounguza koo, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeshaleta kidonda kikubwa. Usimtapishe, kimbia hospitali hapo hapo hata kama anacheka. Ukiamua kuchukua la betri hakikisha kifuniko kina skrubu, kile cha kusukuma kwa kucha achana nacho kabisa.

BabaIpagala
Yupo dada, wa mwaka na nusu, kila kitu mdomoni. Hapo umenimalizia mjadala wa la betri, sirudi tena kuliangalia.

Ze_Chamwino
Mi naona mnakuza mambo, 130,000 kwa toi? Chukua mayai manne 20,000 unapata na chenji, moja likivunjika anahamia jingine, watoto wa umri huo wanachoka kitu ndani ya wiki. Wa kwangu anayo matatu anayabadilisha na wenzake shuleni, hapo ndo raha ilipo.

FundiMajengo
@Ze_Chamwino mayai siyakatai, yana vipande vichache na mtoto wa miaka 4 au 5 anayaweza bila msaada. Ila kwa huyu wa 7 aliyesubiri Grimlock mwaka mzima ukimpa yai utaiona sura yake. Na kwa mwenye mtoto wa mwaka na nusu ndani, vile vimkia na vimikono vya kwenye yai vinachomoka na ni saizi ya koo kabisa.

Ze_Chamwino
Hapo kwa mdogo sawa, sikujua kama yupo. Nakubali.

MkusanyajiDom
Nimechelewa ila huu uzi ni wangu, nakusanya haya maroboti tangu nikiwa chuo. Grimlock ana historia ndefu, Takara ya Japani walikuwa na matoi yanaitwa Diaclone, Hasbro ya Marekani wakayachukua wakayaleta mwaka 1984 kwa jina la Transformers, halafu 1985 wakatoa kikosi cha Dinobots, wako watano. Grimlock ni Tyrannosaurus, Slag ana pembe tatu, Sludge shingo ndefu, Snarl ana mabamba mgongoni, Swoop anaruka. Yale ya kwanza yalikuwa na vipande vya chuma na dhahabu ya kung'aa, uzito wake mkononi unausikia mwenyewe.

Sasa kwa mtoto, usidanganyike na orijino lolote tu. Angalia boksi, Hasbro wanaandika umri na mara nyingi wanaandika linageuka kwa hatua ngapi. Yale makubwa ya kina sisi boksi linasema miaka 8 kwenda juu na hatua ni nyingi, mimi mtu mzima la kwanza lilinitoa jasho nikiwa na karatasi ya maelezo mbele. Kijana wako ataanza kwa hamu, atafika katikati atakwama, na atakuwa anakuletea wewe uligeuze kila jioni ukitoka kazini. Wapo wa hatua moja na wapo Rescue Bots ambao umri wao unaanzia miaka 3, hao ni wagumu na vipande ni vikubwa, ila wa miaka 7 wengine wanawaona wa kitoto.

Na ukiambiwa ni orijino lipindue, tafuta maandishi madogo sana yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe, tumboni au chini ya mguu, utaona Hasbro na mara nyingi Takara Tomy. Stika haihesabiki. Kama ni feki na bei ya orijino, ondoka.

MwlKondoa
Nami niongeze la kwangu, mnaniwia radhi likiwa refu. Kaka, kwa nini lazima T-Rex? Kwanza anasimama kwa miguu miwili na kichwa kizito, kwenye sakafu ya saruji anaanguka kutwa nzima na kila anguko linapiga kiungo cha mkia au taya. Wa miguu minne anatulia. Wa darasani kwangu wanaleta siku ya michezo, ya miguu minne ndo yanadumu, nimeyaona kwa macho yangu.

Pili, T-Rex ni wa Marekani Kaskazini, huku kwetu hajawahi kuonekana. Ila kule Lindi, Tendaguru, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakatoa mifupa zaidi ya tani 200, na waliochimba na kubeba kichwani mpaka bandarini Lindi ni watu wetu. Msimamizi wao mkubwa aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa pale alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Dinosaria mwingine wa pale mwenye shingo ndefu, mifupa yake iko Berlin, imesimamishwa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Na yupo Kentrosaurus, mabamba mbele na miiba mirefu kuanzia katikati ya mgongo mpaka mkiani, ni ndugu kabisa na yule Snarl aliyemtaja mkusanyaji hapo juu. Ukimpata wa aina ya Snarl mwambie mtoto huyu binamu yake alitembea Lindi miaka milioni 150 iliyopita. Mimi wanafunzi nikiwaambia hivyo darasa zima linakaa kimya, kuna mmoja aliniuliza mwalimu kwa hiyo babu yangu wa Lindi alimuona? Nikaanza naye upya kuhesabu milioni.

BabaIpagala
Mwalimu umenigusa sana, mke wangu kwao ni Lindi! Hili hata mimi sikuwa nalijua na nimeoa huko. Ngoja nipige tena Kariakoo niulize mwenye mabamba mgongoni.

FundiMajengo
Kabla hujanunua, jambo la Dom yetu hii. Kiangazi hiki na upepo, vumbi linaingia kwenye viungo linakuwa kama msasa, roboti linakaza mtoto anaongeza nguvu. Safisha kwa mswaki mkavu kila wiki. Usiweke mafuta ya kupikia kama wengi wanavyofanya, yanashika vumbi na kugeuka uji mweusi. Na kiungo kikilegea usiguse supa gluu, itagandisha moja kwa moja na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Chukua rangi ya kucha ile isiyo na rangi, paka nyembamba kwenye kile kichwa cha mviringo, acha ikauke usiku mzima ndo urudishe kwenye kikombe. Kinakaza vizuri.

BabaIpagala
Mrejesho wakuu. Nimempata, wa mabamba mgongoni, miguu minne, wa kugeuza kwa mkono, skrubu nne tumboni, 32,000. Sio orijino na muuzaji aliniambia ukweli tangu mwanzo. Shemeji yangu alienda mwenyewe dukani Kariakoo, nikamuweka kwenye video akaligeuza mbele ya taa huku naangalia kiungo kimoja kimoja, la kwanza lilikuwa na weupe begani tukalikataa, la pili safi. Kapanda nalo SGR asubuhi, mchana liko Dodoma.

Jana usiku kijana kaligeuza mara tatu kwa kufuata picha. Mara ya nne mkia ukachomoka. Aliganda, akaniangalia, mdomo umeanza kutetemeka. Nikamshika kidole gumba nikakiweka pale, nikamwambia bana. Tak. Akauchomoa tena kwa makusudi, akaurudisha mwenyewe, mara saba au nane hivi, halafu akaenda kumuonesha mama yake na kumwambia huyu ni wa Lindi kwenu.

Fundi swali, nyonga ya kulia naona inacheza kidogo kuliko ya kushoto, niipake hiyo rangi mapema au nisubiri ilegee zaidi?

FundiMajengo
Kama bado linasimama lenyewe subiri. Likianza kulala upande, paka mara moja tu, nyembamba. Ukipaka nene kikombe kitapasuka.

MamaPacha_Kisasa
Na kile kichupa cha rangi ya kucha kiwekwe juu, kuna wa mwaka na nusu humo ndani.