Alama nimesajili Unguja, anayeniiga yuko Kariakoo. Nianzie wapi?

BintiMakonyo

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba msaada wa walio kwenye sheria, au waliowahi kuibiwa jina.

Natengeneza sabuni ya mwani huku kusini Unguja, mwaka wa sita sasa. Mwani naukausha, nausaga, nachanganya na mafuta ya nazi na ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kidogo. Nikishakata vipande, vinakaa chagani wiki nne ndipo nifunge. Nauza Instagram na WhatsApp, mzigo wa bara naupandisha boti. Jina nimelisajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa huku Zanzibar, kama alama ya biashara, na cheti nimekitia fremu.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Morogoro kaniandikia kwa hasira: sabuni yako imemwasha mwanangu. Morogoro? Sijawahi kutuma hata kipande kimoja huko. Nikamwambia nipigie picha. Jamani, kitu kibichi kama jani la mgomba, rangi imembaki mkononi! Yangu ni rangi ya mchanga uliolowa, ina vidoa vyeusi. Lakini lebo ni yangu, tena mpaka na kosa langu. Mwaka juzi niliandika "asilla" badala ya "asilia", mchapaji hakuona na mie sikuona, nikamaliza stika zote hivyo hivyo. Huyo wa Kariakoo kaiga na "asilla" yake.

Nikaingia kwenye ukurasa wake. Wafuasi elfu kumi na moja. Mie nina elfu nne. Picha tisa za mwanzo zote zangu. Moja ni mkono wa mama yangu, umepakwa piko, umeshika sahani ya sini iliyobanduka ukingoni. Mkono wa mama unauza sabuni Kariakoo, na mwenyewe Kariakoo hajafika.

Nimepiga simu ofisi moja Dar, nikajibiwa "cheti hicho hakituhusu", simu ikakatwa. Hivi Tanzania si nchi moja? Cheti changu kinaishia wapi, kisiwani Chumbe?

Mzigo_Umefika

Dada, biashara ni kuigana. Sabuni ya mwani inatengenezwa na kina mama chungu nzima huko kwenu, nao uwashitaki? Punguza bei, atakimbia mwenyewe.

BintiMakonyo

Mwani si wangu kaka, ni wa bahari. Auze sabuni ya mwani kwa jina lake na mkono wa mama yake.

WakiliAsiyeLala

Waalaykum salaam, dada, na pole. Aliyepokea simu hakukosea sheria, alikosa adabu tu. Miliki ubunifu, yaani haki za alama, hakimiliki na kazi kama hizo, haimo kwenye mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2008 na ofisi yake, BPRA. Bara kuna Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, chini ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa huku bara. Kwa hiyo cheti chako ni halali kabisa, ila umepatia: kinaishia hapo hapo Chumbe.

Unaweza kumshitaki kwa kujipitisha kama wewe hata bila usajili wa bara, lakini itabidi uthibitishe kuwa wateja wa bara walikwishakujua kwa jina hilo. Hiyo ni safari ndefu na wakili hali upepo.

Kwa hiyo usianze na jina. Anza na mkono wa mama. Picha ina hakimiliki tangu ilipopigwa, haingoji cheti. Sheria ya Hakimiliki ya bara ya 1999 inamlinda mtunzi aliye raia wa Jamhuri ya Muungano, na Mzanzibari ni raia wa Jamhuri. Hapo hakuna cha Chumbe. Ila nijibu: nani alipiga? Kama ulimlipa mtu, pata karatasi yenye sahihi yake kabla hujaenda mbele.

FundiNdara

Mimi nashona ndara za shanga Arusha, yamenikuta. Kosa langu ni haraka. Niliona ukurasa wa jamaa saa mbili usiku, saa mbili na robo nikaripoti. Ukafungwa, nikashangilia. Kesho yake kafungua mwingine, na mimi sina ushahidi hata wa picha moja!

Kusanya kwanza. Rekodi video ukiupitia ukurasa wake mwanzo mpaka mwisho, jina la akaunti lionekane. Halafu mwambie ndugu yako wa Dar anunue kipande kimoja. Akishalipa kwa lipa namba, jina la mpokeaji litatokea. Mimi ndivyo nilivyomjua: alikuwa mteja wangu wa jumla!

WakiliAsiyeLala

Fundi kasema kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo, lakini kifungu cha 18 kinamtaka hakimu apime ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Kwa hiyo usikate picha wala kuichorea mishale nyekundu. Tunza ya asili, chora kwenye nakala.

Ukishakusanya, jaza fomu ya Instagram ya hakimiliki, si kile kitufe cha "ripoti" cha kawaida. Ukitaka polisi, kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, nayo ya 2015, kinagusa wizi wa miliki ubunifu kwa kompyuta. Lebo yenye "asilla" usiitupe. Huyo atamweleza nini hakimu, kwamba na yeye alikosea herufi ile ile?

Na wiki hii hii ombea alama BRELA, daraja la 3, ndilo la sabuni. Tafuta kwanza kama jamaa hajakutangulia. Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida, watu wana siku 60 za kupinga. Usajili ni miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Neno "mwani" peke yake hawatakupa. Bila cheti cha bara, hata Tume ya Ushindani itakuwa vigumu kukukamatia mzigo dukani.

BintiMakonyo

Allah awalipe. Picha nilipiga mwenyewe, kwa simu ya zamani ambayo kioo kimepasuka na haiwaki. Nimeitoa kabatini sasa hivi. Nimpelekee fundi pale Darajani? Nachelea asije akafuta kila kitu.

FundiNdara

Mpe, lakini kaa naye. Mwambie abadilishe kioo tu, na akikuambia "tu-flashi kidogo", mnyang'anye uondoke.

BintiMakonyo

Hahaa, sawa. Kesho na boti ya saa moja anapita dada yangu, yeye ndiye atakwenda kununua kile kipande. Nimemwambia asivae baibui yenye jina langu la biashara mgongoni.