Wahindi wanaokwenda Ujerumani kusoma uzamili: hasa wanakwama wapi?

Kibwana_Pune
Habari za humu wakuu. Nipo Pune, na hosteli yetu ina vijana wawili wa Kihindi wanaomaliza uhandisi wa mitambo. Wanataka uzamili Ujerumani, muhula wa Oktoba. Wakala amewapa karatasi yenye maneno APS, uni-assist na Sperrkonto, ila haisemi kipi kinatangulia kipi. Mmoja ana CGPA (wastani wa alama, juu kabisa ni 10) ya 7.8, mwingine 6.9 na aliwahi kurudia masomo manne. Najua humu kuna watu wanaoshughulika na wanafunzi kule. Naomba kujua mpangilio wa hatua, gharama halisi, na vitu vinavyowaangusha Wahindi wakishafika. Wakala nitamwambia asubiri.

Mzizima_Aachen
Mkuu, mwambie asubiri sana. Kazi yote anayoifanya mwanafunzi anaweza kuifanya mwenyewe.

Cha kwanza ni APS. Hiki ni kitengo kilicho chini ya ubalozi wa Ujerumani New Delhi kinachohakiki vyeti, na tangu tarehe 1 Novemba 2022 Mhindi hapati viza ya masomo bila cheti chake, isipokuwa makundi machache kama wenye ufadhili wa fedha za umma za Ujerumani. Ada ni rupia 18,000. Cheti hakina mwisho wa muda, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja barua ya chuo ndipo uanze. Wengi hufanya hivyo, halafu foleni ya miezi ya joto inawakuta. Yule wa masomo manne aambatanishe matokeo ya mihula yote, ya kufeli na ya kurudia. Karatasi moja ikikosekana, faili zima linasimama.

Majina nayo yaangaliwe mapema. Wahindi wengi, hasa wa kusini, pasipoti imeweka majina yote kwenye sehemu moja na sehemu ya ukoo iko tupu, wakati cheti cha chuo kina herufi za kwanza tu. Kwa Mjerumani hao ni watu wawili. Hati ya kiapo itengenezwe Pune, siyo Berlin.

Kuhusu alama: vyuo vingi hutumia kanuni ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa, toa aliyoipata, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa Wajerumani 1 ndiyo bora na 4 ndiyo ya kufaulia. Mwenye 7.8, kama chuo chake kinafaulisha kwa 4, anapata 2.1. Kikiwa kinafaulisha kwa 5, anashuka hadi 2.32. Mwenye 6.9 anapata 2.55 kwa hesabu ya kwanza, na programu nyingi zinakata kwenye 2.5. Ndiyo maana barua ya chuo inayotaja alama ya chini ya kufaulu ina thamani kuliko barua tatu za sifa.

Ila wanaokataliwa kwa CGPA ni wachache kuliko wanavyodhani. Wengi hukataliwa kwa sababu programu inataka, tuseme, kiasi fulani cha hisabati na mekanika kwa ECTS (krediti za vyuo vya Ulaya), na mwombaji ametuma matokeo matupu bila mtaala. Krediti za India si ECTS. Kama shahada ya miaka minne ina krediti 160 na chuo kinaihesabu kuwa ECTS 240, kila krediti ni 1.5. Watengeneze jedwali: somo lao, mada zake, somo linalolingana nalo kwenye programu wanayoomba. Ni kazi ya wikiendi mbili.

uni-assist, yaani kituo kinachopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo vingi, inatoza yuro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachoongezwa muhula huohuo. Mwisho wa kawaida kwa muhula wa Oktoba ni 15 Julai, lakini programu za Kiingereza nyingi hufunga mapema zaidi, na vyuo vingine hupokea maombi moja kwa moja. Wasome ukurasa wa kila programu.

BiZuhura_Stuttgart
Naongezea pesa, maana hapo ndipo nasikia uongo mwingi.

"Ujerumani bure" si kweli kila mahali. Baden-Württemberg, yaani Stuttgart, Karlsruhe, Heidelberg, wasio wa Umoja wa Ulaya wanalipa yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. TUM, chuo kikuu cha ufundi cha München, ilianza kutoza wageni wapya muhula wa baridi 2024/25, na kwa uzamili ni 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Kwingine kwenye vyuo vya umma mara nyingi ni mchango wa muhula tu. Vyuo binafsi ni habari nyingine kabisa, na ndivyo mawakala wanavyovipenda kwa sababu vinawalipa kamisheni. Wawe macho na programu ambayo masomo mengi ni ya mtandaoni: ofisi ya wageni inaweza kuuliza kwa nini uishi Ujerumani kwa jambo unaloweza kulifanya ukiwa nyumbani, na watu wamepoteza vibali kwa hilo.

Sperrkonto ni akaunti unayoweka fedha za mwaka mzima, kisha zinakutokea kwa awamu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Waongezee ada ya kampuni na makato ya benki za katikati, kwa sababu zikifika 11,890 ubalozi hauhesabu kuwa umetimiza. Benki ya India huuliza fomu A2 (ya kutuma fedha nje) na sababu ya kutuma. Kuna pia kodi ya TCS inayokatwa na benki pale fedha ulizotuma nje kwa mwaka zikivuka rupia laki 10 (laki ileile yetu), lakini fedha za mkopo wa elimu wa benki ziliondolewa humo Aprili 2025. Aliyekatwa anaidai kwenye ritani yake ya kodi.

Viza ni yuro 75. Zamani ukikataliwa uliandika barua ya kupinga palepale ubalozini. Tangu 1 Julai 2025 njia hiyo imefutwa, imebaki kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo barua ya kujieleza isinakiliwe kwa jirani.

fundi_karatasi
Wakifika, mnyororo ni huu: bila nyumba hakuna usajili wa makazi (Anmeldung), bila usajili benki nyingi za mtaani hazifungui akaunti, bila akaunti ile 992 haina pa kutua. Kwa hiyo wawe na fedha za kuishi miezi miwili nje ya Sperrkonto, pamoja na amana ya nyumba, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu.

Usajili unatakiwa ndani ya wiki mbili za kuhamia, na mwenye nyumba lazima asaini fomu ya kuthibitisha kwamba unaishi hapo. "Chumba kipo lakini huwezi kujisajili" ni chumba cha kukikimbia. Matapeli nao wanawajua Wahindi kwa vile huanza kutafuta wakiwa bado nyumbani: anayetaka amana kabla ya kuonyesha chumba, funguo atazituma kwa posta, huyo ni mwizi. Waombe bweni la Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi) siku ileile barua ya chuo inapofika.

Bima ya afya: chini ya miaka 30 wachukue ya umma kwa bei ya mwanafunzi, takriban yuro 140 hadi 150 kwa mwezi. Ya binafsi inaweza kuwa ya bei nafuu, lakini ukijiondoa kwenye ya umma hutaweza kurudi mpaka umalize masomo.

Barua ya ada ya redio na televisheni itakuja, yuro 18.36 kwa mwezi. Ni kwa nyumba, si kwa kichwa. Wakiishi wanne, analipa mmoja na wengine wanatoa namba yake.

Kazi: siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka. Kazi za usaidizi chuoni hazihesabiwi humo. Kusambaza chakula kwa mkataba wa kujiajiri hakuruhusiwi bila kibali maalumu, na wengi hawajui kwamba mkataba waliosaini ni wa aina hiyo.

Mwl_Tabu
Mmeeleza karatasi vizuri. Mimi naona wanaorudi nyumbani bila shahada hawaangushwi na karatasi. Wanaangushwa na mtihani.

Mwanafunzi wa India amezoea alama za ndani: majaribio, kazi za maabara, mahudhurio ya asilimia 75 yanayohesabiwa. Akifeli somo anakwenda nalo na kulirudia baadaye, mara nyingi bila kikomo cha kutisha. Ujerumani mhadhara mara nyingi hauna mahudhurio, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi, na mwisho kuna mtihani mmoja wa dakika 90 wenye alama zote. Kwa kawaida una nafasi tatu. Ya tatu ikifeli, umefutwa, na programu hiyohiyo huisomi tena chuo kingine cha Ujerumani. Yule ndugu wa masomo manne aisikie hii mara mbili.

Mtihani nao unajisajili mwenyewe ndani ya siku maalumu. Usipojisajili hufanyi. Ukijisajili, kisha usipojiondoa wala kutokea, umefeli. Kanuni za kila programu zimeandikwa kwenye Prüfungsordnung, mara nyingi kwa Kijerumani tu hata kama masomo ni ya Kiingereza.

Mpango rasmi ni ECTS 30 kwa muhula, na kila ECTS ni saa 25 hadi 30 za kazi, yaani hadi saa 900. Muhula wa kwanza, wenye nyumba ya kutafuta na ofisi za kuzunguka, wajisajili mitihani mitatu au minne.

Mzizima_Aachen
Mwl_Tabu, hapo sikubaliani moja kwa moja. Ofisi ya wageni ikiongeza kibali huangalia maendeleo. Akipata ECTS 15 tu mihula miwili mfululizo ataulizwa.

Mwl_Tabu
Ataulizwa, na atajibu kwa barua ya mshauri wa masomo. Aliyefeli mara ya tatu hana barua ya kumwokoa.

Kibwana_Pune
Wamesoma yote, nimewatafsiria mpaka saa sita usiku. Wa 6.9 ameanza kutafuta barua ya alama ya kufaulu. Swali lao la mwisho, msicheke: presha kuka wabebe?

BiZuhura_Stuttgart
Wabebe, lita 3 inatosha. Waangalie kitako: ya aluminiamu haishiki moto kwenye jiko la induksheni, inataka yenye kitako cha chuma. Umeme ni 230 kama wa kwao, lakini plagi kubwa ya India ya pini tatu nene haiingii. Adapta mbili, na mpira wa akiba wa mfuniko.