Mrejesho: kukagua kozi ya mtandaoni kwa ajili ya wasioona

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza programu gani inakagua kama kozi zetu za Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni) zinasomeka kwa wanafunzi wasioona, mkanielekeza WAVE. Asanteni sana, ni ya bure na unaiweka kwenye brauza tu. Imekamata fasta picha zisizo na maelezo, vichwa vya sehemu vilivyoruka ngazi na maandishi ya kijivu yasiyofika ule uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake, unaotakiwa na WCAG (miongozo ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu), yote tumerekebisha.

Ila jamani programu peke yake haitoshi. Mchoro wa moyo kwenye baiolojia ulikuwa na maelezo "mchoro wa moyo" basi, WAVE ikaupitisha bila neno, sasa mtu asiyeona atajuaje damu inaingia wapi na inatokea wapi? Tumeandika upya kuanzia atiria ya kulia, inavyoenda kwenye mapafu mpaka inarudi kushoto na kutoka kwa aota.

Kisha tukamuomba mwanafunzi mmoja asiyeona apitie kozi kwa NVDA (programu inayosoma skrini kwa sauti), na hapo ndo tumejifunza zaidi. Noti za PDF zilizoskaniwa kwake zilikuwa kurasa tupu kabisa kwa kuwa ni picha tu, na kuna swali la kuburuta majibu kwa mausi akakwama, tumelibadilisha kuwa la kuchagua. PDF tunazipitisha kwenye Tesseract (programu inayogeuza picha za maandishi kuwa maandishi halisi), inasoma Kiswahili pia, ila lazima mtu ahakiki.

Zimebaki noti za fizikia, zimejaa milinganyo. Aliyewahi kufanya milinganyo isomeke na NVDA naomba anielekeze.